Jumapili ya Nani? Maoni Yangu Kuhusu Picha ya Nukta

Watu wa shule hii wakitaka kunichokoza huniuliza nimefika nukta ya ngapi. Wanajua napenda kuizungumzia ile picha ya Mfaransa Georges Seurat iitwayo "Jumapili Alasiri Katika Kisiwa cha La Grande Jatte", ambayo nakala yake imebandikwa katika chumba cha kuchorea. Ni picha ya watu wanaopunga hewa kando ya mto. Wamevaa nguo za kutokea, wana miavuli ya jua, wana mbwa, na mama mmoja ana tumbili aliyefungwa kamba. Yote hayo yamejazwa nukta ndogo ndogo za rangi, maelfu kwa maelfu. Basi kwa kuwa ni nukta, mazungumzo yote huishia kwenye nukta. "Alikuwa na subira huyo!" "Si angechora tu kama wengine?" Na mwenzangu mmoja mcheshi, kila akipita hapo, hutamka kwa sauti ya mhubiri kuwa haba na haba hujaza kibaba. Watu hucheka, na hadithi huishia hapo.

Mimi nasema haikufaa kuishia hapo. Nukta zina sifa zake na nitazieleza, lakini nashikilia kwamba picha hii inauliza swali zito kuliko nukta. Swali lenyewe ni hili: siku ya mapumziko ikifika, ni nani hasa anayepumzika? Anayetaka kubishana nami asubiri nimalize, kisha anitafute wakati wa chai.

Tuanze na mchoraji. Seurat alizaliwa Paris tarehe 2 Desemba 1859 na akafariki tarehe 29 Machi 1891, hata miaka 32 hakuitimiza. Hakuwa fukara. Babake alimpa posho, kwa hiyo hakulazimika kuuza picha ndipo ale. Kazi hii aliianza mwaka wa 1884. Kisiwa chenyewe kiko katika mto Seine, pembeni mwa jiji la Paris upande wa kaskazini magharibi, na siku hizo watu wa mjini walikwenda huko kupata upepo. Seurat alikuwa akifika na vibao vidogo vya mbao, vya kushika mkononi. Anachora mti, anachora kivuli, anamchora mtu mmoja aliyempa kisogo, kisha anarudi zake kwenye chumba cha kazi na kuvihamishia kwenye kitambaa kikubwa. Michoro hiyo ya matayarisho inapita 50. Kitambaa kina upana wa mita 3 na ushei na kimo cha mita 2 na ushei, yaani hakiachani sana na ubao wa darasani. Hebu fikiri ubao mzima umejazwa nukta!

Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Picha haikuanza kwa nukta. Mara ya kwanza, mwaka wa 1884 hadi mwanzoni mwa 1885, aliichora kwa mapigo madogo ya brashi ya kawaida, yaliyolala pale penye maji na kusimama pale penye shina la mti. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa 1885, aliirudia yote, akawa anadondoa nukta juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Kwa hiyo nukta ni tabaka la pili. Ukimsikia mtu akisema picha nzima ni nukta tupu, mwambie akatazame tena, na asogee karibu.

Kwa nini alifanya hivyo? Hapa lazima nimtaje mzee mmoja mwanakemia, Michel Eugène Chevreul, aliyeishi miaka 102. Alikuwa msimamizi wa kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, kule kule Paris, ambako hufumwa mazulia ya kutundika ukutani. Watu walileta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Chevreul akazichunguza, akakuta rangi haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa jirani! Uzi mweusi ukilazwa kando ya uzi wa buluu, macho huuona mweusi ule umefifia. Akalifanyia kazi jambo hilo kwa miaka na mwaka wa 1839 akatoa kitabu kikubwa kuhusu rangi zinavyobadilishana zikikaa pamoja. Sisi wa huku hatuhitaji kitabu. Mtu yeyote aliyewahi kufuatana na mamake kuchagua kanga anajua kwamba pindo jekundu likiuzunguka mji mweusi huwaka moto, na pindo lile lile likiuzunguka mji wa rangi ya machungwa hupooza. Seurat alimsoma Chevreul, na akamsoma Mmarekani Ogden Rood aliyetoa kitabu chake mwaka wa 1879, akaamua kwamba rangi hazitachanganywa kibaoni hadi zivie. Kila moja itasimama peke yake karibu na jirani yake, na macho ya mtazamaji ndiyo yatakayozipatanisha.

Vitabu vingi hueleza kwamba nukta za manjano zikikaa na za buluu, ukienda mbali unaona kijani. Sisi watano wa chama tuliona tujaribu. Tulichukua karatasi, tukadondoa manjano na buluu kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tukaibandika ukutani na kurudi nyuma hadi mlangoni. Kijani hatukukiona. Tuliona kitu cha kijivujivu, kama maji yaliyosuuziwa brashi. Na ndivyo inavyopasa kuwa, kwa sababu macho hayachanganyi rangi jinsi brashi inavyochanganya. Macho huchukua wastani wa mwanga. Seurat hakuwa mjinga, ujanja huo hakuutegemea. Nyasi zake ni za kijani tangu mwanzo. Penye jua ameongeza nukta za manjano na za machungwa, na penye kivuli ameongeza za buluu. Yaani nukta zake hazikuja kutengeneza nyasi, zilikuja kutuambia jua liko wapi.

Kwa bahati mbaya jua lenyewe limeshaanza kuzama. Miongoni mwa rangi alizotumia katika ile awamu ya pili kulikuwa na manjano iliyotengenezwa kwa madini ya zinki, na manjano hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache tu nukta zilizokuwa za jua zikawa za udongo, za machungwa zikawa za hudhurungi, na kijani kibichi kikageuka kama jani lililokauka. Rafikiye Félix Fénéon, yule mwandishi aliyelipa kundi lao jina mwaka wa 1886, alikwisha kusikitikia jambo hilo kwa maandishi mwaka wa 1892, mwaka mmoja tu baada ya Seurat kuzikwa. Kwa hiyo tunayoitazama sisi ni picha iliyochujuka. Hata hivyo ile niliyokuja kuisema haijachujuka hata kidogo.

Sasa niwageukie wale wasemao kuwa watu wa Seurat wamesimama kama milingoti. Lawama hii si ya leo. Picha ilipotolewa hadharani mara ya kwanza, Mei 1886, katika maonyesho ya nane na ya mwisho ya wale wachoraji wa Ufaransa waliokuwa wameuvunja mtindo wa zamani, kuna waliocheka wakasema hao ni vinyago vya mbao, si watu. Mwenyewe alikuwa na jawabu. Alimweleza mwandishi Gustave Kahn kwamba alitaka watu wa zama zake wapite mbele yetu kama wale wanaoandamana katika mawe yaliyochongwa na Phidias kwenye hekalu la kale la Wagiriki. Yaani ugumu wao aliutaka, haukumtoka kwa bahati mbaya. Baadaye sana akaja mwanafalsafa Mjerumani, Ernst Bloch, akasema kwamba anachoona humo ni uchovu mtupu wa Jumapili, watu wasiojua la kufanya na starehe yao.

Mimi kwa maoni yangu Bloch aliona nusu. Nani alituambia kuwa watu wakipumzika mahali pamoja huwa wanajuana? Tazama wale watatu wa mbele, upande wa kushoto. Mmoja ni mwanamume mwenye misuli, fulana haina mikono, kofia ya kawaida kichwani, kiko mdomoni, amejilaza kwa kiwiko. Ukimwona tu unajua huyu ni mtu wa makasia. Nyuma yake kidogo ameketi bwana mdogo nadhifu, kofia ndefu nyeusi, fimbo ya mapambo mkononi. Katikati yao kuna mwanamke aliyeinamisha kichwa. Wameketi karibu kiasi kwamba ungedhani ni wa nyumba moja, lakini hakuna anayemtazama mwenzake. Mpiga makasia hana habari na bwana wa fimbo, na bwana wa fimbo hana habari naye. Picha ina watu karibu 50 na ni shida kumpata anayezungumza na mwingine. Wanagawana kivuli tu. Je, huo si ukweli? Nenda bustani yoyote ya mji siku ya sikukuu. Familia hii imetandika shuka lake hapa, ile kule, na katikati pana mpaka ambao haukuchorwa na mtu lakini kila mmoja anauona. Na mtu aliyevaa nguo zake za kutokea, jamani, ni lazima asimame wima! Akijilaza si atachafuka?

(Wapo pia wasemao mambo mengine kuhusu yule mama mwenye tumbili na yule mwingine anayevua samaki hali amevaa kama aendaye harusini. Mambo hayo mlezi wa chama amenishauri niyaache, nami nimeyaacha.)

Nataka tumtafute mtu mmoja. Upande wa kushoto, chini ya mti, kuna mwanamke mzee ameketi chini ya mwavuli. Kando yake kuna mwingine ambaye ametupa mgongo kabisa. Hana uso. Hana mikono. Ni kama kifurushi cha kijivu kilichowekwa kwenye nyasi, juu yake kofia ya duara, na kutoka kwenye kofia utepe mwekundu unaoteremka wima mgongoni. Mavazi hayo yalikuwa sare ya yaya wa Ufaransa ya siku zile. Walezi hao walitembea na waajiri wao bustanini, na tepe zile ndefu ziliufanya ulimwengu ujue kwamba nyumba fulani ina uwezo wa kuajiri.

Wengi hupita bila kumwona. Ukimwonyesha mtu, husema Seurat alimdharau, alimnyima hata pua. Mimi sikubaliani kabisa. Huyu mchoraji alimfanyia yaya michoro yake ya peke yake kwa kalamu nyeusi kabla hajamtia katika picha kubwa. Mtu unayemdharau humchori mara mbili. Ninavyoona mimi, alimchora vile watu wa kisiwani walivyokuwa wakimwona, sare na utepe, basi. Kila mtu katika picha ile amekuja kupumzika isipokuwa yeye. Amekaa kwenye nyasi zile zile, mbele ya maji yale yale, katika kivuli kile kile, na yuko kazini. Na rangi zake zimewekwa kwa uangalifu ule ule aliowekewa mama wa tumbili. Nukta haijui tajiri wala maskini. Hapo ndipo nukta zinaponivutia, si kwa kuhesabu ni ngapi.

Labda mtasema nalikuza jambo. Nina sababu yangu. Shangazi yangu ni yaya jijini Nairobi, miaka mingi sasa. Waajiri wake si watu wabaya na siwasemi. Jumapili huenda naye bustanini pamoja na watoto, huko hununuliwa soda, na akirudi nyumbani likizoni hutuonyesha picha za siku hizo kwenye simu. Katika picha hizo shangazi ni mkono. Mkono umemshika mtoto asianguke, au ni kivuli kwenye nyasi, au ni nusu ya leso pembeni. Mwenyewe hucheka sana. Hutuambia, "Tafuteni nilipo!" nasi hutafuta. Akiulizwa kama Jumapili hiyo ilikuwa ya mapumziko hujibu kuwa alikuwa bustanini, kana kwamba hilo ni jibu. Siku nilipomwona yule mwanamke wa utepe mwekundu nilimtambua mara moja. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Shangazi anaijua sheria hiyo vizuri, mimi ndimi niliyemsomea.

Na Ufaransa ya Seurat je? Hapa ndipo jina la picha linapopata uzito. Tangu mwaka wa 1814 Ufaransa ilikuwa na sheria iliyokataza kazi siku ya Jumapili, kwa ajili ya dini. Mwaka wa 1880 sheria hiyo ikafutwa. Waliofuta walitaka kuipunguza nguvu ya kanisa, lakini walipoifuta hawakuweka nyingine ya kumlinda mfanyakazi. Kwa hiyo mwaka wa 1884, Seurat alipokuwa akienda kisiwani na vibao vyake, hapakuwa na sheria iliyompa mtu mzima mfanyakazi haki ya siku ya mapumziko katika juma. Aliyeipata aliipewa na mwajiri wake, au na mila, au na mfuko wake. Sheria ya mapumziko ya kila wiki ilikuja tarehe 13 Julai 1906, mwaka ule ule ambao mlipuko katika machimbo ya makaa ya mawe ya Courrières uliua watu 1,099 na wafanyakazi kote nchini wakachacha. Nayo ilihusu waajiriwa wa viwandani na wa biashara. Watumishi wa majumbani hawakuwamo. Yaya wetu, kama alikuwa hai bado, hakuongezewa kitu. Naam, neno "Jumapili" katika jina la picha ile si tarehe tu. Ni bidhaa, na wapo walioweza kuinunua na wapo ambao hawakuweza.

Atakayesema kwamba mawazo haya ni yangu na wala si ya Seurat, namwomba atazame picha yake nyingine, ile iliyotangulia. Inaitwa "Waogaji wa Asnières", ya mwaka wa 1884. Ukubwa ni karibu sawa na hii. Asnières iko ng'ambo ya mto, na katika picha hiyo kile kisiwa cha La Grande Jatte kinaonekana upande wa kulia, miti yake imefunga. Lakini waliokaa ukingoni si wenye miavuli. Ni vijana wa kazi. Mmoja ameketi katikati, mabega yameinama, kando yake amerundika nguo na viatu vya buti. Mwingine amejilaza na kofia yake, mbwa wa hudhurungi nyuma yake. Hapana mavazi ya kutokea hapa, hapana tumbili. Na nyuma kabisa, ng'ambo ya daraja, kuna viwanda vya Clichy, na dohani zinatoa moshi.

Moshi huo naomba usiupite haraka. Jina la picha hii halitaji siku. Ikiwa ni Jumapili, basi kuna wenzao walioko kiwandani wakati huo huo wao wanaoga. Ikiwa si Jumapili, basi hawa vijana wameiba saa moja ya mchana wakaja kuipoza miili. Kwa vyovyote mapumziko yao yana kiwanda mgongoni. Halafu katikati ya mto kuna mashua ndogo yenye bendera ya Ufaransa. Ndani yake ameketi bwana mwenye kofia ndefu na bibi mwenye mwavuli, wanavushwa kwenda upande wa kisiwani. Mtu wa kuwavusha yuko, anafanya kazi. Unaona, bwana? Mashua ile ndiyo inayoziunganisha picha mbili. Wanaopanda mashua katika picha ya kwanza ndio aina ya watu tutakaowakuta wamesimama wima katika ya pili.

Picha hiyo ya waogaji waamuzi wa maonyesho rasmi ya mwaka wa 1884 waliikataa. Seurat na wenzake waliokataliwa wakaanzisha maonyesho yao wenyewe, yasiyo na waamuzi, na hata huko ikatundikwa karibu na mahali pa kuuzia vinywaji. Haikuwa na nukta wakati huo. Nukta chache alikuja kuziongeza miaka kadhaa baadaye, alipokwisha kuzizoea. Hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wanaodhani mtu huyu hakuwa na la kusema ila nukta. Swali lake alikuwa nalo kabla ya kuwa na mtindo wake.

Linaloniudhi ni kwamba picha hizi mbili zimetenganishwa, na zilitenganishwa mwaka mmoja. Mwaka wa 1924 ile ya waogaji ilinunuliwa kwa fedha za mfuko wa Courtauld ikawa mali ya Uingereza, na sasa iko National Gallery, London. Mwaka huo huo wa 1924 Frederic Clay Bartlett na mkewe Helen, Wamarekani, waliinunua ile ya kisiwani, na mwaka wa 1926, mke akiwa amekwisha kufariki, ikapewa Art Institute ya Chicago kwa kumbukumbu yake. Vijana wa kazi wakaenda upande mmoja wa bahari, wenye miavuli upande mwingine. Wala hazitarajiwi kukutana karibuni. Mwaka wa 1958 Chicago waliiazima New York, na tarehe 15 Aprili moto ukazuka katika jumba lile la makumbusho. Mfanyakazi mmoja alikufa na picha nyingine zikateketea. Hii ya Seurat ilitolewa salama, na tangu hapo haijawahi kuazimwa tena.

Basi sisi tunaoziona kwenye karatasi tunaweza kufanya jambo ambalo London na Chicago hazijalifanya. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa Sanaa ruhusa, na kabati la kalenda za zamani limetupatia nakala nzuri ya waogaji, imekunjika pembe moja tu. Ukutani, kando ya picha yetu ya nukta, pana nafasi ilipokuwa ratiba ya muhula uliopita. Ya London ikae kushoto, ya Chicago kulia, zisibadilishwe. Waogaji karibu wote wametazama kulia na watu wa kisiwani wengi wametazama kushoto, kwa hiyo zikikaa hivyo nyuso zinaelekeana, mto ukiwa katikati. Na mwisho wa picha ya waogaji, upande wa kulia, ndani ya maji hadi kiunoni, kuna mvulana mwenye kofia nyekundu ambaye amekusanya viganja mdomoni anaita ng'ambo. Ataita kuelekea kwenye miavuli, na yaya atakuwa wa karibu zaidi kumsikia kuliko mama wa tumbili. Pini nitaleta mimi.